Laana au Ukaidi? Kisa cha Shujaa Túrin na Funzo Lake Kwetu Vijana

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

  Leo nakuomba tuketi pamoja tuchambue kisa kimoja ambacho kilizua kizaazaa katika chama chetu cha Kiswahili muhula wa pili.

Ilikuwa hivi. Mlezi wa chama alituletea hoja ya mjadala: "Shujaa wa tanzia huangamizwa na majaliwa, si na matendo yake." Kitabu tulichotumia kilikuwa cha Kiingereza, The Children of Húrin, yaani Watoto wa Húrin, cha J.R.R. Tolkien. Kwa hivyo tulisoma kwa lugha moja na kubishana kwa lugha nyingine. Mimi nilipangwa upande wa kuunga mkono. Nilisimama nikatetea majaliwa mpaka jasho likanitoka, na upande wetu ukashindwa kwa kura tatu. Siku hiyo nilikasirika. Leo naandika makala haya kwa sababu nimebadilisha mawazo, na nitaeleza mbele kwa nini.

UTANZU NA MWANDISHI

Hadithi ya Túrin ni ya utanzu uitwao fantasia. Katika fantasia mwandishi hubuni ulimwengu mzima: ardhi yake, lugha zake, historia yake na viumbe wake. Ikiwa ndefu na imejaa mashujaa na vita, basi inakaribiana sana na tendi tunazosoma darasani. Tofauti ni kwamba utendi wa jadi ni mali ya jamii nzima, ilhali fantasia ni kazi ya mtu mmoja na kalamu yake.

Tolkien alizaliwa tarehe 3 Januari 1892 mjini Bloemfontein, Afrika Kusini, akalelewa Uingereza. Babake alifariki mwaka wa 1896 na mamake 1904, akawa yatima akiwa na miaka 12 tu. Mwaka wa 1916 alipigana kule Somme, Ufaransa, katika Vita Vikuu vya Kwanza. Kufikia 1918, marafiki zake wa karibu wote isipokuwa mmoja walikuwa wamekufa. Baadaye alikuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Oxford. Kisa cha Túrin alikiandika na kukiandika tena kwa miaka mingi, akafariki mwaka wa 1973 kabla hakijachapishwa. Mwanawe Christopher alikitoa kwa ufupi katika The Silmarillion mwaka wa 1977, kisha kama kitabu kizima mwaka wa 2007.

Mbegu ya kisa hiki ilitoka Ufini. Huko kuna utendi uitwao Kalevala, ambao Elias Lönnrot aliukusanya kutoka kwa waimbaji wa vijijini, akauchapisha mwaka wa 1835 na kuupanua mwaka wa 1849. Ndani yake mna kijana aitwaye Kullervo, mwenye nguvu na hasira, ambaye anamharibu dadake bila kumjua, na wote wawili wanaishia kujiua. Tolkien alikisoma akiwa kijana, kikamkaa moyoni.

MUHTASARI

Húrin ni shujaa wa binadamu anayetekwa vitani na Morgoth, mfalme wa uovu. Morgoth anataka siri ya mji uliofichika. Húrin anakataa kuitoa. Kwa hasira Morgoth anailaani jamaa yake yote, kisha anamketisha juu ya mlima atazame laana ikitimia. Mwanawe Túrin ana miaka minane wakati huo. Mamake, akiwa mjamzito, anampeleka mbali kwa Thingol, mfalme wa Waelfi (hawa si elfu ya hesabu, ni viumbe wasiozeeka). Huku nyuma anazaliwa msichana, Nienor. Túrin anakua bila kumwona dadake hata siku moja.

Msomaji, likumbuke hilo.

MAAMUZI MANNE

Katika mjadala, upinzani walitupiga kwa kuonyesha kwamba mara nne Túrin alikuwa na mlango wazi, na mara nne akaupita.

Mlango wa kwanza ni wa mfalme Thingol. Túrin akiwa kijana, Mwelfi mmoja aitwaye Saeros anamdhihaki mezani na kuwatukana wanawake wa kwao. Túrin anamtupia kikombe usoni. Kesho yake Saeros anamvizia msituni kwa upanga, lakini Túrin anamshinda, anamvua nguo, anamkimbiza uchi mpaka Saeros anaanguka korongoni na kufa. Túrin anaambiwa arudi kwa mfalme akahukumiwe. Anakataa. Anatoroka na kujiunga na majambazi msituni. Kumbe nyuma mfalme amesikiliza shahidi, amejua nani aliyeanza uchokozi, na amemsamehe! Rafikiye Beleg anamtafuta kwa muda mrefu, anampata, anamweleza habari ya msamaha. Jamani, Túrin bado anakataa kurudi. Kwani amedhulumiwa? Hapana. Ni kiburi tu. Hapa mwandishi ametumia kinaya cha hali: mtu anakimbia hukumu ambayo tayari imekuwa msamaha.

Mlango wa pili ni wa daraja. Túrin anafika Nargothrond, mji wa Waelfi uliojificha kando ya mto. Watu wake hupigana kwa siri, kwa kuvizia. Túrin anawashawishi watoke waziwazi na wajenge daraja kubwa mbele ya lango ili majeshi yavuke haraka. Wajumbe wanaletwa na onyo kwamba daraja libomolewe. Túrin anawajibu kwa ufidhuli. Wakati wa vuli joka Glaurung linakuja na majeshi ya uovu, linavukia wapi? Juu ya daraja lile lile.

Mlango wa tatu ni wa Finduilas, na hapa mapenzi yanaingia. Finduilas ni binti wa mfalme wa Nargothrond. Alikuwa mchumba wa Gwindor, lakini Gwindor alirudi kutoka utumwani akiwa amezeeka na kuvunjika. Moyo wa Finduilas unamwelekea Túrin. Gwindor analijua hilo na anaumia. Finduilas analijua na anaona haya. Túrin peke yake halijui! Yeye anamheshimu tu, na anatamani angekuwa na dada mzuri kama yeye. Hakuna anayemwambia wazi. Watu watatu wanaishi katika nyumba moja, kila mmoja amebeba siri ya mwenzake.

Mji unapoanguka, Gwindor akiwa anakata roho anamwonya Túrin kwamba Finduilas peke yake ndiye anayesimama kati yake na mwisho wake mbaya. Asimwache. Túrin anakimbia kumwokoa, lakini anakutana na joka langoni. Joka linamtazama machoni, linamduwaza, halafu linamwambia uongo: kwamba mama na dadake wanateseka nyumbani huku yeye anajistarehesha. Finduilas anapitishwa na mateka wengine akilia. Túrin anaamini joka badala ya rafiki. Anakwenda nyumbani mbio, anakuta mama na dada waliondoka zamani. Anaporudi, Finduilas amekwisha kuuawa kwa mkuki na kuzikwa.

Mlango wa nne ni wa Brandir. Túrin sasa anaishi Brethil, msituni, na amejipa jina jipya. Usiku mmoja wa dhoruba anakuta msichana amelala juu ya kaburi la Finduilas, hana nguo, hana kumbukumbu, hajui hata jina lake. Ni Nienor. Joka limemfuta akili. Túrin, ambaye hajamwona tangu azaliwe, anampa jina la Níniel, yaani binti wa machozi. Brandir, kiongozi kilema wa watu wa Brethil, anampenda pia. Anamshauri Níniel asiharakishe ndoa, na Níniel anasubiri kidogo. Lakini Túrin anamwambia: tufunge ndoa sasa, la sivyo narudi vitani. Wanaoana. Níniel anapata mimba.

Mwisho wake, msomaji, nitausema kwa maneno machache. Túrin anaua joka kwa kulichoma tumboni kutoka chini. Kabla ya kukata roho, joka linamrudishia Nienor kumbukumbu yake na kumwambia mumewe ni nani. Nienor anajitupa mtoni. Brandir anamletea Túrin habari hizo, na Túrin anamuua kwa hasira akidai ni mwongo. Muda si muda anakuja Mwelfi mwingine na habari zinazothibitisha kila neno. Túrin naye anajiua kwa upanga wake.

MBINU ZA SANAA

Mbinu ninayoipenda zaidi katika kisa hiki ni majazi. Túrin hubadilisha jina kila anapopata balaa. Kwa majambazi anajiita Neithan, yaani aliyedhulumiwa. Kule Nargothrond anajiita Agarwaen, yaani mwenye madoa ya damu, na watu wanamwita Mormegil, Upanga Mweusi. Kule Brethil anajiita Turambar, bwana wa majaliwa. Anadhani ukibadilisha jina umebadilisha mambo. Mambo hayabadiliki ng'o, kwa maana anayelibeba jina ni yule yule.

Sadfa nazo ni nyingi. Usiku Beleg anapomwokoa Túrin kutoka mikononi mwa maadui, anakata kamba gizani, upanga unateleza na kumchoma Túrin mguuni. Túrin anashtuka akidhani ni adui, anamuua rafiki yake mkubwa. Umeme unamulika ndipo anaona uso. Hapa sisi wa upande wa majaliwa tulipiga meza: je, huu nao ni ukaidi? Nani angejua gizani? Na hata leo nashikilia kwamba tusimhukumu Túrin kama mtu aliyekuwa na nafasi sawa na wengine. Ametenganishwa na mama akiwa na miaka minane. Babake yuko kifungoni. Adui yake ana uwezo wa kudanganya hata macho. Laana ilikuwepo.

Lakini mwalimu alituuliza swali moja ambalo sikuweza kulijibu: "Laana hiyo ilifanya kazi kwa mikono ya nani?" Morgoth hakujenga daraja. Joka halikumuua Brandir. Darasa likanyamaza.

TUSIDHANI NI MAMBO YA UZUNGUNI

Mwenzangu mmoja alisema visa hivi havituhusu. Mbona vinatuhusu? Waluo husimulia habari za Lwanda Magere, shujaa ambaye mwili wake ulikuwa mgumu kama jiwe. Mkuki haukumwingia. Maadui waliposhindwa vitani walimpa msichana mrembo awe mkewe. Wazee wakamwonya asimwoe. Akamwoa. Siku moja akiwa mgonjwa alimwambia mkewe achanje dawa kwenye kivuli chake, si mwilini. Mke akaona damu ikitoka kivulini, akatoroka na siri hiyo kwa watu wake, na vita vilivyofuata kivuli kilichomwa mkuki.

Na sisi wa Kiswahili tunaye Fumo Liyongo, ambaye habari zake Muhammad Kijumwa wa Lamu alizitungia utenzi mwaka wa 1913. Liyongo hakuuawa na jeshi. Mwanawe mwenyewe ndiye aliyemchoma kitovuni kwa sindano ya shaba, baada ya kuahidiwa kumwoa binti wa mfalme. Kijana yule naye alikuwa na mlango wazi: angeweza kumwambia babake.

Ukiwapanga hawa, utaona kwamba penzi lenyewe si kosa. Kosa liko katika yale yanayofichwa, na katika sikio lililofungwa. Lwanda hakuwasikia wazee. Mwana wa Liyongo hakumwambia baba. Túrin hakumsikia Gwindor, wala hakumsikia Brandir.

Tena mwandishi mwenyewe ni mfano mzuri. Tolkien alikutana na Edith Bratt mwaka wa 1908, akiwa na miaka 16 kama mimi. Mlezi wake, padri, alipojua alimkataza kuwasiliana naye mpaka atimize miaka 21. Hebu fikiria! Aliumia, lakini alitii. Siku alipotimiza miaka 21, Januari 1913, alimwandikia barua. Edith alikuwa amekwisha kuchumbiwa na mtu mwingine. Tolkien hakujiharibu. Alimwendea wakazungumza, Edith akauvunja uchumba ule, na wakafunga ndoa Machi 1916. Jiwe la kaburi lao kule Oxford limeandikwa, chini ya majina yao, Lúthien na Beren. Hao ni wapenzi katika hadithi nyingine aliyoitunga, ambao walikabili hatari wakiwa pamoja. Kwa hivyo aliyeandika habari za Túrin alijua pia kungojea.

KWA NINI NILIBADILISHA MAWAZO

Sasa nitasema lile nililoahidi. Nina kaka mkubwa. Amenipa ruhusa kuandika haya mradi nisimtaje jina.

Mwaka juzi baba alimpa pesa za karo apeleke benki. Zilikuwa pesa za kuuza ng'ombe. Kaka aliziweka katika kamari ya mpira akitumaini zitaongezeka. Zikaisha kwa siku mbili. Badala ya kurudi nyumbani alipanda matatu akaenda zake. Jioni ile ile baba alipopata habari alikaa kimya muda mrefu, halafu akasema, "Mwambieni arudi. Pesa hutafutwa." Mimi mwenyewe nilimsikia. Lakini tungemwambia vipi? Simu ilikuwa imezimwa. Baadaye tulijua alibadilisha laini, na katika mjengo alikofanya kazi ya kubeba mawe alitumia jina lingine.

Miezi minane, msomaji. Kwa miezi minane kaka yangu alikimbia hukumu ambayo ilikwisha kuwa msamaha siku ya kwanza. Mama alikonda. Kulikuwa na msichana mmoja wa kanisani aliyekuwa akiniuliza habari zake kila Jumapili. Alianza kwa kuuliza, akaendelea kwa kunitazama tu, na kufikia mwezi wa tano akaacha hata kunitazama. Sasa ameolewa.

Kaka alirudi mwezi wa nane. Baba hakusema kitu, alimwonyesha kiti tu, na mama akapakua ugali. Nilipomuuliza kwa nini hakupiga simu hata mara moja, alinijibu, "Nilijua baba ataniua." Sikumwambia kuhusu Túrin wakati huo kwa sababu nilikuwa sijakisoma kitabu. Nilipokisoma, nikafika pale Beleg anapoleta habari ya msamaha, nilikifunga nikatoka nje.

Na bado siku ya mjadala nilisimama nikatetea majaliwa! Nadhani nilitaka yawe kweli, kwa maana ikiwa ni majaliwa basi kaka hana kosa. Lakini nikifikiria sana naona kwamba majaliwa yangekuwa habari mbaya zaidi kwake. Kama mambo yote ni laana, basi hata kurudi hakusaidii. Kaka alirudi, na kukasaidia. Mwezi wa kwanza mwaka huu alianza kujifunza useremala.

MAFUNZO

Kwanza, usikimbie hukumu kabla hujaisikia. Mara nyingi tunaogopa adhabu tuliyoibuni wenyewe, nayo ni kali kuliko ile ya wazazi na walimu.

Pili, ukipenda, sema, na ukiambiwa subiri, subiri. Finduilas aliangamia akiwa hajamwambia Túrin yaliyokuwa moyoni mwake. Naye Túrin aliyemharakisha Níniel alipata mwaka mmoja tu wa furaha.

Tatu, mletaji wa habari mbaya si adui yako. Brandir alikuwa mkweli.

Nne, na hili nalisema kwa uzito, kujiua si ushujaa hata kama vitabu vinampamba anayejiua kwa upanga na kaburi kubwa. Túrin alikuwa bado kijana. Kama kuna mwenzetu ambaye mambo yamemlemea, iwe ni mapenzi, karo au mtihani, amwendee mwalimu wa ushauri, mzazi, au hata rafiki mmoja tu, aseme. Mwenye kusikia naye asicheke.

Nikitamatisha, wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi naongeza kwamba hata guu likivunjika, njia ya nyumbani bado ipo. Túrin alikuwa na miguu mizima na hakuifuata.

MASWALI YA MJADALA

1. Eleza jinsi mwandishi anavyotumia majazi kuonyesha tabia ya Túrin.

2. "Beleg aliuawa na sadfa, Brandir aliuawa na hasira." Jadili.

3. Linganisha onyo la wazee kwa Lwanda Magere na onyo la Gwindor kwa Túrin.

4. Je, Níniel alikuwa na mlango wazi, au yeye ndiye aliyeonewa kabisa na laana? Toa sababu.

5. Andika barua ambayo mfalme Thingol angemtumia Túrin siku ile ile aliyotoroka. (Hili si la maksi. Andika tu.)